Nani Anaangusha Vidaka?

Mnazi hauna haraka. Karara hupasuka, upunga hutoka, vidaka hushika. Vidaka huwa vitale, vitale huwa madafu, madafu hufika ukoroma, na nazi kamili huanguliwa karibu mwaka mzima tangu ua lifunguke. Mkulima wa Mafia anayemlipa mkwezi leo anavuna matokeo ya mambo yaliyopita juu ya mnazi wake miezi mingi nyuma, na mengi katika hayo hakuyaona.

Kidaka kikidondoka, mtu hashangai. Mnazi wenye afya huangusha zaidi ya nusu ya vidaka vyake bila kuguswa na mdudu wala maradhi, kwa kuwa hauwezi kuvilisha vyote mpaka vikomae. Watoto huviokota na kuvichezea, mbuzi hupita juu yake. Basi shamba linaweza kupoteza sehemu kubwa ya mazao kwa miaka na miaka huku kila mtu akiamini kwamba ndiyo kawaida ya mnazi. Atakayeuliza sana ataambiwa ni ukame, au ni mchanga usio na rutuba, au minazi imezeeka. Yote hayo huwa kweli mara nyingine. Historia ninayoisimulia hapa ni ya mahali ambapo hayakuwa kweli, na ya muda mrefu uliopita kabla ya watu kutazama juu na kumtambua mhusika.

Mafia ni kisiwa cha minazi, na hakikuwa hivyo kwa bahati. Mwanzoni mwa karne ya 19, mji wa Kua katika kisiwa cha Juani ulivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska, ukavunjika, na mpaka leo ni magofu. Utawala na biashara vikahamia Chole, kisiwa kidogo cha jirani, chini ya Sultani wa Zanzibar. Katika karne hiyo, mashamba makubwa ya minazi yalienea upande wa kusini wa kisiwa kikuu. Wenye mashamba wengi walikuwa Waarabu. Waliofyeka, waliopanda na waliopalilia walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara, na jambo hilo lisemwe wazi, kwa maana minazi mirefu ya zamani inayosifiwa kwa uzuri ina jasho lao ndani yake. Kaskazini, kuelekea Kanga na Bweni, maisha yalikuwa mengine. Huko watu walifyeka pori, wakalima mpunga, mtama na mihogo kwa kuhamahama, wakafuga ng'ombe, na minazi ikaongezeka kidogo kidogo karibu na makazi.

Mwaka 1890, kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani, Mafia ikatolewa katika milki ya Zanzibar na kuwekwa chini ya Ujerumani. Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria, alikizunguka kisiwa miaka michache baadaye na kuchapisha maelezo yake mwaka 1896. Wajerumani walihamisha makao ya serikali kutoka Chole hadi Kilindoni, ambako yapo mpaka sasa. Januari 1915 Waingereza wakakiteka. Vitabu vya vita huikumbuka Mafia kwa sababu moja tu: ndege zilizoruka kutoka kisiwani ziliongoza mizinga ya Waingereza mpaka manowari ya Kijerumani Königsberg ikaangamizwa ndani ya delta ya Rufiji, Julai 1915. Naona ni haki kusema kwamba kwa watu wa Mafia mnazi una historia kubwa kuliko manowari ile. Vita vya manowari hiyo vilikaa miezi kadhaa. Mnazi uliwapa tui la mchuzi, makuti ya paa, kumbi za kusuka kamba, mafuta, kuni, na mbata za kupeleka sokoni, kizazi baada ya kizazi.

Baada ya vita Mafia ikaingizwa Tanganyika, si Zanzibar. Kwa karani wa serikali kilikuwa kitu kikubwa, kwa kuwa majalada yalikwenda Dar es Salaam badala ya Unguja. Kwa mnazi hakikuwa kitu. Mchanga wa pwani ulibaki ule ule, kusi na kaskazi zilivuma vile vile, na wadudu walioishi katika minazi ya Unguja na ya mrima hawakusoma mkataba wowote. Kwa sababu hiyo, sura kuu ya historia hii inatupasa tuifuate Unguja kwanza.

Huko Unguja, wakati wa ukoloni wa Waingereza, maofisa wa kilimo walisumbuliwa na nazi zenye makovu. Kidaka kilionyesha doa jeusi lililodidimia, jembamba kwenye ncha na pana katikati, na mara nyingi gundi ilitiririka kutoka hapo na kuganda. Vidaka vingi vya namna hiyo vilianguka. Vilivyobaki vilikua kwa tabu, vikawa nazi ndogo, zilizopinda, zenye mikwaruzo mirefu ya gundi kwenye kumbi. Kwa mtu aliyezoea maradhi ya mimea, hali hiyo ilifanana kabisa na ugonjwa. Gundi hutoka penye kidonda, na kidonda huweza kuletwa na kuvu au bakteria. Ukikichukua kidaka kilichoanguka siku tatu nyuma na kukipasua, hakika utakuta kuvu ndani yake, kwa sababu kuvu huingia penye jeraha lolote. Hapo ndipo wengi wangefunga kesi.

Mtaalamu wa wadudu Michael Way, Mwingereza aliyefanya utafiti Zanzibar wakati huo, hakuifunga. Alionyesha kwamba madoa yale yanatokana na kunguni mmoja mwenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, mwenye urefu wa sentimita moja na nusu hivi, anayeishi juu kabisa kwenye mashada ya nazi changa. Hana meno ya kutafuna. Ana mdomo mfano wa sindano, ambao huuchoma kwenye ganda laini la kidaka na kunyonya utomvu. Kunyonya kwenyewe kungekuwa hasara ndogo. Kinachoharibu ni mate yake, ambayo yana sumu inayoua nyama ya kidaka kuzunguka tundu, na sehemu iliyokufa huwa lile doa jeusi. Hushambulia maua na nazi changa za miezi michache ya mwanzo. Nazi ikishakomaa ganda, imemshinda.

Jike hutaga mayai moja moja juu ya maua na vidaka, na kwa wiki chache tu yai huwa kunguni kamili mwenye mabawa. Kwa hiyo hana msimu maalumu wa kupumzika, kama vile mnazi wenyewe usivyo na msimu. Karara hupasuka mwezi baada ya mwezi, na chakula chake kipo daima.

Ugumu wa kumtambua haukutokana na udogo wake. Mdudu wa kiasi hicho unamwona kwa macho. Ugumu ulikuwa uchache wake. Tumezoea kufikiri kwamba mdudu mharibifu lazima awe mwingi, kama nzige au viwavi, kwamba uharibifu mkubwa unahitaji kundi kubwa. Kunguni wa minazi anakwenda kinyume na mazoea hayo. Kunguni wawili au watatu juu ya mnazi mmoja wanatosha kuleta hasara ya kweli, kwa kuwa kila mmoja huchoma kidaka hiki, akahamia kile, na kila tundu moja laweza kuangusha kidaka kizima. Mtu anayepanda mnazi mrefu wenye madoa tele na kukuta kunguni mmoja tu, au asimkute kabisa kwa kuwa ameruka, atashuka akisema mdudu si tatizo hapa. Ushahidi uko kwenye vidaka chini, na mhusika hayupo.

Mwaka 1953 Way alichapisha matokeo yake katika jarida la Bulletin of Entomological Research la London. Wakati huo mdudu hakuwa hata na jina lake kamili. Mwaka 1955 mtaalamu mwingine, E. S. Brown, aliyejua vizuri wadudu wa minazi, ndiye aliyemweka katika jenasi mpya na kumpa jina la kisayansi Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya Way. Kunguni huyu ni mwenyeji wa Afrika Mashariki. Mgeni kati yao ni mnazi, uliofika pwani yetu kwa njia ya bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita. Mdudu alikuwepo kwenye mimea mingine, akakuta mti uliojaa vidaka laini mwaka mzima, akauzoea. Leo anajulikana pia kama mharibifu wa mikorosho, miembe na mipera, na huko Afrika ya Kusini anasumbua mashamba ya parachichi na makadamia.

Kumtambua kunguni kulikuwa nusu ya kazi ya Way. Nusu ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, na ndiyo iliyobadilisha namna ya kuyatazama mashamba. Aliona kwamba ndani ya shamba moja, penye udongo mmoja na mvua moja, baadhi ya minazi ilibeba mashada mazito na mingine ya jirani ilikuwa mitupu. Tofauti haikuwa ya mti. Ilikuwa ya chungu walioishi juu ya mti. Minazi iliyokaliwa na chungu majimoto ilikuwa na nazi. Palipokuwa na chungu wa aina nyingine, au hapakuwa na chungu, kunguni alifanya atakavyo.

Hakuna mtoto wa Mafia asiyewajua majimoto. Ni wale chungu warefu wa rangi ya kahawia nyekundu wanaoshona majani ya miti kuwa viota. Kazi yao ya kushona ni ya kustaajabisha. Kundi la watenda kazi hujipanga ukingoni mwa jani, wanalivuta kwa pamoja mpaka likutane na jingine, na wakishindwa kulifikia hushikana viuno mmoja baada ya mwingine wakawa mnyororo. Wengine huja na mabuu wachanga wamewabana mdomoni, wakiwapitisha huku na huko kati ya majani mawili, na buu hutoa uzi wa hariri unaoyaunganisha. Kwenye mnazi hukunja na kushona vipande vya kuti. Kundi moja, lenye malkia mmoja, huweza kuwa na viota vingi vilivyotawanyika juu ya miti kadhaa, na watenda kazi wake hupita kati ya miti hiyo kwa matawi na makuti yanayogusana.

Ukigusa tawi lao wanakuja wote. Huuma, kisha hunyunyiza asidi penye jeraha, ndiyo maana ngozi huhisi kama imemwagiwa maji ya moto. Chochote kinachotambaa katika eneo lao hukishika, hukivuta miguu pande zote, na kukipeleka kiotani. Kunguni wa minazi hawezi kukaa nao. Mkubwa ataruka na kuhama, watoto wake wasio na mabawa wataliwa. Kidaka kikiwa na majimoto wanaopita pita juu yake, sindano ya kunguni haikigusi.

Na hapo ndipo ilipo dhuluma ya historia hii. Anayewachukia majimoto kuliko watu wote ni mkwezi, na ana sababu. Mtu aliye juu ya mnazi mrefu, ameshika shina kwa mkono mmoja na panga kwa mkono wa pili, hana mkono wa tatu wa kujipangusa mamia ya chungu wanaomuingia shingoni. Anaweza kuanguka na kufa. Kwa hiyo viota vilichomwa moto, vilikatwa, au mwenye shamba aliambiwa wazi kwamba mnazi ule haupandwi mpaka usafishwe. Kila aliyefanya hivyo alijilinda kwa haki yake. Lakini kila kiota kilichochomwa kilimfungulia kunguni mlango, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, kwa kuwa moto uliwashwa leo na nazi zilipungua miezi mingi baadaye.

Jambo hili halikuwa geni duniani, ingawa lilikuwa geni kwetu. Uchina kusini, katika maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 4, yametajwa masoko ambako viota vya chungu wa aina hii viliuzwa kwa wakulima wa michungwa ili kulinda matunda. Katika Visiwa vya Solomon, baharini Pasifiki, wakulima wa minazi walikuwa na kunguni wao, ndugu wa huyu wa kwetu, aliyeangusha vidaka vile vile, na huko pia chungu washonaji ndio waliomzuia. Watu waliotenganishwa na bahari nzima walikutana na fumbo moja na jibu moja.

Kwa nini basi majimoto hawajai kila mahali? Kwa sababu wana maadui, na maadui hao ni chungu wenzao. Mmoja ni mdogo wa kahawia, ambaye askari wake wana vichwa vikubwa kupita kiasi. Jina lake la kisayansi ni Pheidole megacephala. Hujenga chini ya shina na ndani ya mizizi, hupanda mnazi kwa makundi makubwa, na huwaondoa majimoto bila kumdhuru kunguni. Mwingine ni chungu wa manjano mwenye miguu mirefu na mbio za ovyo, mgeni aliyeenezwa na meli duniani kote. Kwa hiyo mavuno ya mnazi yaliamuliwa na vita ambavyo mkulima hakujua kama vinapiganwa, kati ya chungu wa juu na chungu wa chini.

Miaka ile ya 1950 ilikuwa miaka ya DDT na jamaa zake, na maofisa wengi wa kilimo duniani waliamini kwamba dawa ya kunyunyizia itamaliza hadithi ya wadudu. Kwa mnazi imani hiyo iligonga mwamba upesi. Mti una urefu wa mita 20 na zaidi, mkulima mdogo hana pampu ya kufika huko, na hata akifika, dawa inaua majimoto kabla ya kuua kunguni wachache waliojificha. Majimoto wakishakufa hurudi polepole, kunguni hurudi kwa mabawa. F. L. Vanderplank, aliyefahamika pia kwa utafiti wa mbung'o, aliendelea kuchunguza majimoto na kunguni wa minazi na kuchapisha kazi yake mwaka 1960. Kisha maarifa hayo yakakaa kwenye majarida ya Kiingereza huko Ulaya. Mwenye minazi kumi na mitano Baleni au Kirongwe hakuyapata. Sioni kosa la mkulima katika hilo hata kidogo.

Uhuru ulikuja, Muungano ukaja, na mwaka 1979 Tanzania ikaanzisha Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Minazi kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, wenye makao yake Mikocheni, Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wake walirudi kwa kunguni na chungu kwa bidii kubwa. Walihamisha makundi ya majimoto kutoka mti hadi mti. Walijaribu pia chambo chenye sumu, kinachouzwa kwa jina la Amdro, dhidi ya wale chungu wenye vichwa vikubwa. Chungu hubeba chembe za chambo mpaka kiotani na kumlisha malkia. Matokeo kutoka Zanzibar yaliyochapishwa mwaka 1992 yalionyesha kwamba chungu wa chini wakipungua, majimoto hupata nafasi ya kuenea. Lakini chambo huagizwa nje kwa fedha za kigeni, na mradi ukiisha, mkulima anabaki na kopo tupu.

Jibu jingine halikuhitaji fedha, ila lilihitaji kuacha mazoea. Tangu ukoloni, shamba zuri la minazi lilihesabika kuwa lile lililopaliliwa likang'aa, mchanga mtupu kati ya shina na shina. Watafiti waliochunguza mashamba ya Unguja, na kuchapisha mwaka 1995, waliona kwamba palipokuwa na magugu na vichaka chini ya minazi, hali ya chungu na ya mazao ilikuwa nzuri zaidi. Mwaka 2011 jambo hilo lilithibitishwa tena kwa majaribio na Seguni wa Mikocheni, Paul Van Mele, na Michael Way mwenyewe, karibu miaka 60 tangu chapisho lake la mwaka 1953. Maelezo yake ni haya: ardhi ikiwa tupu, Pheidole hukosa chakula chini na hupanda mnazini kukitafuta. Penye mimea ya chini anapata mahitaji yake huko huko. Wakati huo huo vichaka, michungwa na miembe iliyochanganyika na minazi huwapa majimoto njia na makazi. Shamba lililotunzwa kwa uchafu kidogo, kwa macho ya bwana shamba wa zamani, ndilo linalobeba nazi.

Nikilisoma jambo hili naifikiria Mafia moja kwa moja. Shamba la mkulima mdogo kisiwani halijawahi kuwa safu tupu za minazi. Utakuta mnazi, mkorosho, mwembe, mchungwa, mgomba na mihogo chini yake. Kwa miaka mingi mchanganyiko huo uliitwa kilimo duni na wataalamu waliotaka mistari iliyonyooka. Kwa majimoto ni mji kamili. Korosho nazo zinaingia katika hesabu hii, kwani utafiti uliofanywa katika mikorosho ya mkoa wa Pwani na kuchapishwa mwaka 2013 na Olotu na wenzake ulionyesha majimoto wakipunguza uharibifu wa mbu wa mikorosho pamoja na wa kunguni huyu huyu wa minazi.

Lakini Mafia ina jambo jingine linalotakiwa kufikiriwa na wenyewe. Pat Caplan, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefika Kanga mwaka 1965 na kurudi mara nyingi baadaye, alieleza kwa kina jinsi mti na ardhi vinavyoweza kuwa na wenyewe tofauti. Mnazi ni mali ya aliyeupanda na warithi wake, wanawake na wanaume. Baada ya mirathi mbili tatu, minazi thelathini iliyosimama pamoja huwa na wenyewe saba. Majimoto hawafuati mirathi. Kundi moja limetanda juu ya minazi ya Bibi huyu na ya mjomba yule, na malkia wake yuko kwenye mnazi mmoja tu. Mwenye mnazi huo akichoma kiota ili mkwezi apande kwa amani, ameangamiza ulinzi wa wote. Ulinzi huu hauwezi kuwa wa mtu mmoja, na mkwezi lazima awemo katika mazungumzo. Kupaka majivu mikononi na miguuni hupunguza maumivu, na yapo makubaliano mengine yanayowezekana, kama kumlipa zaidi kwa mnazi wenye majimoto. Mnazi huo ndio unaomlipa mwenyewe zaidi.

Kisa kingine cha wadudu wanyonyaji kilitokea ng'ambo tu ya bahari. Katika mrima, ugonjwa unaoua minazi kabisa uliangamiza mashamba mengi, ikiwemo miche ya kisasa iliyoagizwa nje kwa matumaini makubwa. Vimelea vyake huishi ndani ya mishipa ya utomvu, kwa hiyo mdudu mnyonyaji alishukiwa kuwa msambazaji. Mwaka 2000 Mpunami na wenzake walichapisha majina ya washukiwa waliokutwa na vimelea hivyo mwilini, mmoja wao akiitwa Diastrombus mkurangai, jina lililotokana na Mkuranga. Mdudu mdogo mno, asiyeacha doa wala gundi. Kwa kulinganisha, kunguni wa Way alikuwa rahisi kumshika.

Na sasa wamekuja wengine, na hawa ni wavamizi wa kweli. Inzi weupe wa minazi, wa aina mbili, wameripotiwa katika minazi ya Unguja katika miaka ya karibuni. Wote asili yao ni Amerika. Aleurotrachelus atratus alielezwa na mwanasayansi huko Brazil mwaka 1922, na kabla ya kuonekana kwetu alikuwa ameshasumbua minazi ya Komoro. Watoto wake ni weusi, wamezungukwa na nta nyeupe, wamebandika chini ya kuti bila kutembea. Mwenzake, Paraleyrodes bondari, hujitengenezea kitanda cha nyuzi za nta. Wote hunyonya utomvu na kutoa majimaji matamu, na juu ya majimaji hayo huota ukungu mweusi kama masizi unaofunika kuti na kulizuia lisipate mwanga. Hawa hawaachi vidaka vyenye madoa. Mnazi wote hupauka na kuchafuka, na mazao hupungua.

Mtu aliyeipokea vizuri historia ya majimoto anaweza kudhani kwamba watamaliza na hawa. Hawatawamaliza. Majimoto hupenda majimaji matamu, na kwa ajili hiyo hufuga wadudu gamba na vidung'ata juu ya miti yao kama mfugaji na mifugo yake. Mnyonyaji anayetoa utamu anaweza kwao kuwa mali ya kulindwa. Adui wa inzi weupe ni wa namna nyingine kabisa: nyigu wadogo mno, wanaotaga mayai yao ndani au chini ya mtoto wa inzi na kumla akiwa hai. Kwenye kisiwa cha Réunion alipatikana mmoja wa nyigu hao juu ya inzi weupe wa minazi, na mwaka 2008 akapewa jina la Eretmocerus cocois.

Kwa hiyo mkulima wa Utende au Kilindoni atakayeona makuti yake yameota masizi ana mambo ya kufanya kwa mpangilio. Kwanza ageuze kuti atazame chini yake, kwa sababu masizi yenyewe si ugonjwa, ni alama ya mnyonyaji. Kisha akate kipande cha kuti chenye wadudu, akifunge vizuri, akipeleke kwa afisa kilimo ili kifike kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mikocheni, ambako wanaweza kusema ni inzi yupi, na kama amekwisha kuliwa na nyigu. Mtoto wa inzi aliyetokwa na nyigu huacha ganda lenye tundu la duara, na tundu hilo huonekana kwa kioo cha kukuzia cha bei ndogo. Miche ya minazi na makuti mabichi yasisafirishwe kwa boti za Nyamisati na Dar es Salaam bila kukaguliwa, kwenda wala kurudi, maana inzi hawa huvuka bahari wakiwa wamebandika kwenye majani.

La kutofanya ni kukodi pampu ya dawa. Dawa inayonyunyizwa juu ya mnazi wenye inzi weupe itaua nyigu wanaowala inzi hao, na itaua majimoto waliokaa kwenye mnazi huo huo wakimzuia kunguni. Inzi watazaana upya chini ya makuti bila adui. Kunguni atarudi kwenye upunga unaofuata, na miezi michache baadaye vidaka vyenye madoa ya gundi vitakuwa vimetapakaa chini.